Uliza Fundi: Gia inachemka, kampuni inasema ni kawaida

SWALI

Fundi, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Utawala. Nilipotoka kazini nilichanganya kiinua mgongo na mkopo wa Sacco nikanunua tipa mpya ya matairi 10, gia za otomatiki. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba otomatiki haimchoshi dereva na haina klachi ya kuisha kila mwaka. Tunabeba kokoto kutoka machimbo ya upande wa Mlolongo hadi Limuru, tukipitia Southern Bypass.

Miezi 7 ya kwanza sikuwa na neno. Kisha taa ya joto la gia ikaanza kuwaka tukipita Gitaru, pale barabara inapoanza kupanda. Dereva anasimama, anazima injini, anangoja nusu saa, anaendelea. Siku hizi inawaka kwenye jam ya Mombasa Road, hata lori likiwa tupu.

Nimelirudisha kwa kampuni mara 4. Mara mbili wamebadilisha oili, nikalipa. Mara ya tatu wakasema ni sensa. Mara ya nne kijana wa kaunta akaniambia, "Mama, hiyo ni kawaida ya hizi gari, na dereva wako hajui otomatiki." Nikaandika barua pepe kiwandani ng'ambo. Jibu lilikuwa sentensi moja: niwasiliane na wakala wao wa Nairobi. Ndio hao hao.

Waranti imebakisha miezi 5. Fundi wa mtaani anasema tushushe giaboksi tuifungue. Tunabeba tani 20 kwa safari, na deni la Sacco halingoji. Nifanyeje?

Mwalimu, Utawala

JIBU

Mwalimu, heshima yako. Kabla ya yote, mwambie huyo fundi wa mtaani arudishe spana sandukuni. Giaboksi ikifunguliwa nje ya kampuni kabla ya waranti kuisha, utakuwa umewapa kisingizio walichokuwa wakikitafuta.

Katika barua yako kuna maneno manne niliyoyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, kama ulivyozoea kufanya kwenye madaftari ya watoto: "hata lori likiwa tupu". Kama kosa lingekuwa la mzigo peke yake, lori tupu lisingewasha taa. Kama lingekuwa la dereva, ungeliona wiki ya kwanza, si baada ya miezi 7. Kuna kitu kilichokuwa kikifanya kazi na sasa kinakataa. Na mimi shuku yangu haiko kwenye giaboksi yenyewe, iko mahali inapopozewa oili.

Nikueleze joto linatoka wapi, ili ukienda kule kaunta usiambiwe hadithi. Kwenye gia za otomatiki injini haijashikana na gia kwa klachi ya kukanyaga. Katikati kuna chombo cha duara, konvata, kimejaa oili. Injini inasukuma oili, oili inazungusha gia. Weka feni mbili zitazamane, uwashe moja: upepo wake utaizungusha ya pili, lakini ya pili itabaki nyuma. Kule kubaki nyuma ndiko kunakogeuka joto. Lori likishika mwendo, kuna klachi ya ndani inayojifunga, injini na gia zinazunguka pamoja, joto linashuka. Likitambaa mlimani au likisukumana kwenye jam, klachi ile haijifungi, na nguvu ya injini inaishia kupika oili.

Oili ya gia ikiwa kazini huwa kati ya nyuzi 80 na 100 hivi. Ikigusa 120 kwa muda mfupi mlimani, haijafa. Ikikaa huko au ikapita, inaanza kuungua, na mafundi tuna kanuni yetu ya kukadiria: kila nyuzi 10 zinapoongezeka, maisha ya oili yanakatika nusu. Kwa hiyo kukubadilishia oili mara mbili bila kutafuta kinachoipasha ni kama kubadilisha maji ya sufuria huku jiko linawaka.

Hapa lazima nijitaje mwenyewe. Miaka ile kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Agosti 2017, nililetewa lori la takataka lililokuwa likimwaga Dandora. Gia inachemka. Nikabadilisha oili na filta. Ikachemka. Nikashusha giaboksi nzima, nikaikagua, nikaipandisha. Ikachemka. Aliyeniokoa ni tanboi, kijana ambaye hata spana namba 13 hakuijua. Aliingiza mkono kati ya kipozeo cha oili na rejeta akatoa mfuko wa nailoni wa sokoni, umelala bapa kama umebandikwa kwa gundi. Mwenye lori alikataa kunilipa kazi ya giaboksi. Sikubishana naye.

Wewe unabeba kokoto. Vumbi la machimbo likikutana na oili kidogo inayovuja linakuwa simiti. Wavulana wa kuosha magari wanapiga maji ya presha kutoka mbele, wanalishindilia ndani zaidi na kulaza vile vipezi vya alumini. Kipozeo huoshwa kutoka upande wa feni kwenda mbele, kinyume cha njia uchafu ulikoingilia, na kwa presha ndogo. Mpe dereva tochi amulike kutoka nyuma na wewe usimame mbele. Usipoona mwanga, umeshapata nusu ya jibu lako.

Kuna jambo la nchi yetu pia ambalo vijana wa kaunta hawalitaji. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Feni ni ile ile, inazunguka vile vile, ila hewa inayobeba joto ni kidogo. Ukitoka Mlolongo kwenda Limuru unapanda tena mita 600 hivi. Na kama kipozeo chako ni kile kinachopozwa na maji ya rejeta, angalia kifuniko cha rejeta: kikiwa hakishiki presha, maji ya Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 94, si 100. Maji yakichemka, oili ya gia haina pa kupeleka joto lake.

Sasa upime. Nunua au azima ile bunduki ya kupimia joto. Bei yake haikaribii ya tairi moja la lori. Lori likitoka kazini, pima paipu inayopeleka oili kwenye kipozeo na ile inayoirudisha. Zote zikiwa moto karibu sawa, oili inapita lakini joto halitoki: tafuta uchafu, feni au klachi ya feni. Ya kwenda ikiwa moto sana na ya kurudi ikiwa baridi, oili haipiti: paipu imebanwa au kipozeo kimeziba ndani. Pima pia karibu na sensa. Bunduki ikisoma 90 na dashibodi inalia, basi wale wa sensa hawakukosea, ingawa sioni kwa nini hawakuibadilisha siku hiyo hiyo.

Kijiti cha oili kisomwe lori likiwa mahali tambarare, oili ikiwa imepata moto, kwa namna kitabu cha gari kinavyosema. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi, gia zinaipiga inatoa povu, na povu halipozi kitu. Nimeona lori "lililohudumiwa vizuri" likiwa limezidishwa lita 4. Inuse. Oili ikiwa na harufu ya kuungua na rangi imekuwa kahawia, chota kidogo kwenye chupa safi upeleke maabara. Nairobi zipo zinazopima oili, zitakwambia kama kuna chuma au shaba inayolika ndani. Karatasi ile yenye muhuri ina sauti kubwa kuliko yangu na yako.

Dereva wako naye ana kosa moja, na hilo ni langu kumrekebisha kabla kampuni haijalishika. Taa ya joto ikiwaka, asizime injini. Akizima, pampu inasimama na oili moto inakaa pale pale ikiiva. Aegeshe, avute breki ya mkono, aweke N (gia huru), akanyage mafuta hadi injini ifike kati ya mizunguko 1,200 na 1,500 kwa dakika. Katika dakika 2 au 3 joto la gia lapaswa kushuka hadi kukaribia joto la maji ya injini. Lisiposhuka, ujue kipozeo hakifanyi kazi, na hapo ndipo azime na kupiga simu. Mlimani achague gia ya chini mwenyewe badala ya kuliacha lori lijitafutie. Na asilishikilie lori kwenye mteremko kwa kukanyaga mafuta ili lisirudi nyuma, breki ipo.

Nikukaripie kidogo, Mwalimu. Tani 20. Tipa ya ekseli 3 inaruhusiwa tani 26 kwa jumla, lori na mzigo wake. Soma kibao cha chasisi: nyingi za aina hiyo zikiwa tupu ni tani 10 hadi 12. Jumlisha mwenyewe, hesabu hukufundishwa jana. Ukipeleka kesi leo, wakili wa kampuni hatagusa kipozeo, ataomba risiti za machimbo. Punguza mzigo kuanzia kesho. Taa ikiendelea kuwaka ukiwa na tani 14, lile neno lao la "umezidisha" linawatoka mkononi.

Kuhusu kampuni. Umeenda mara 4, lakini sijaona popote ukitaja karatasi. Kila unapolipeleka, dai kadi ya kazi yenye tarehe, kilomita, malalamiko yako kwa maneno yako, na walichokifanya. Kompyuta ya gia huweka kumbukumbu za hitilafu. Waambie wachapishe kabla ya kuzifuta, maana wengi hufuta kwanza ndipo wanakuita. Nunua daftari la mistari, dereva aandike kila safari: saa, mahali, uzito, joto lilipofika, na picha ya dashibodi kwa simu. Wiki mbili zinatosha.

Kisha andika barua, si barua pepe ya malalamiko. Weka namba ya chasisi, namba ya giaboksi iliyo kwenye kibao ubavuni mwake, tarehe zile 4, joto ulilopima kwenye paipu, na ombi moja tu: wapime mtiririko wa oili na kipozeo ukiwepo, chini ya waranti, katika siku 14. Nakala iende kiwandani kwa kitengo cha waranti, si kwa anwani ya salamu iliyo kwenye tovuti. Barua ya pole hujibiwa kwa pole. Barua yenye namba ya chasisi na nyuzi joto inabidi mtu aifungulie faili. Barua hiyo iwafikie miezi hii 5 haijaisha. Hata wakichelewa kujibu, ulilalamika ukiwa ndani ya muda.

Wakinyamaza, mimi si wakili, lakini njia zipo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamgusa muuzaji aliyejua unataka lori la kazi gani nawe ukamtegemea utaalamu wake, kwa hiyo tafuta ile nukuu ya bei ya mwanzo, uone kama kokoto na Limuru zilitajwa. Malalamiko hupokewa na Mamlaka ya Ushindani. Kama unachodai hakizidi shilingi milioni 1, mfano zile pesa za oili na siku ulizolala bila kazi, Mahakama ya Madai Madogo ipo Milimani, na sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Giaboksi nzima inaweza kupita kiasi hicho, na hapo tafuta wakili wa kweli.

SWALI FUPI

Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva wa lori. Tajiri wangu ameniambia gia ikichemka niimwagie maji ya mtungi ipoe haraka. Ni sawa?

Dereva, Embakasi

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Hapana. Gamba la giaboksi ni alumini, likiwa moto ukalipiga maji baridi linaweza kupasuka, na utakayeulizwa ni wewe, si tajiri. Maji yakiingia kwenye kipumulio cha juu yanaharibu oili yote. Fanya nilivyomweleza Mwalimu hapo juu: N, breki ya mkono, mizunguko 1,200 hadi 1,500, dakika 3. Ule mtungi wa maji usiutupe. Rejeta ikishapoa, sio kabla, angalia kama maji yamepungua.

Mwalimu, nitumie vile vipimo viwili vya paipu ukivipata, pamoja na uzito wa siku hiyo. Nitavijibu katika toleo lijalo.