Maswali yenu: vichekesho vya anime na michezo mizito ya mezani

Barua za mwezi huu ni za aina mbili: za wanaotaka kucheka na anime, yaani katuni za Kijapani, na za wanaotaka kuumiza kichwa mezani mpaka usiku wa manane. Kwangu mimi vinatoka chungu kimoja. Kichekesho chepesi kinachofanikiwa kimepimwa kwa uangalifu mkubwa, na mchezo mzito uliotengenezwa na fundi huuhisi uzito wake ukishaanza kucheza. Nimechagua maswali nane. Kama kawaida, sisifii kitu ambacho sijakiangalia hadi mwisho au sijakicheza angalau mara tatu.

Mimi ni muuguzi, sijawahi kuangalia anime hata moja. Wadogo zangu wanaangalia za kupigana tu. Nataka kitu cha kunichekesha nikitoka kazini. Nianzie wapi? (Temeke, Dar es Salaam)

Pole na kazi, dada. Anza na Barakamon, ya mwaka 2014. Ina sehemu 12 tu, kila moja dakika ishirini na kitu, kwa hiyo ukiangalia moja kila jioni utaimaliza ndani ya wiki mbili.

Inamhusu Handa, kijana fundi wa kaligrafia, yaani sanaa ya kuandika herufi kwa brashi na wino. Mzee anayesimamia jumba la maonyesho anaitazama kazi yake na kumwambia imefuata vitabu, haina ladha. Handa anampiga ngumi mzee wa watu, tena anayetembelea mkongojo. Baba yake anampeleka visiwa vya Goto, mkoa wa Nagasaki, akatulize akili.

Huko ndiko kicheko kinakoanza, na mtu wa pwani ataitambua hali hiyo upesi sana. Nyumba aliyopangishwa ilikuwa maficho ya watoto wa kijiji, nao hawaoni kwa nini waache kuingia. Hakuna hodi. Anaamka, mtoto yuko jikoni. Anageuka, jirani ameleta mboga na maneno. Katika sehemu ya kwanza kuna mahali ningependa upaangalie vizuri. Naru, msichana wa darasa la kwanza, anamkokota Handa hadi kwenye ukuta mrefu wa zege karibu na bahari na kumwambia kwamba asipoupanda hataona kitu. Handa ana visingizio vyake. Mwishowe anapanda kwa tabu, na upande wa pili jua linazama baharini. Akirudi nyumbani anaandika herufi moja tu, ya neno la kufurahi, kwa mwili mzima, wino ukiruka kila upande.

Sauti ya Naru ni ya mtoto kweli, Suzuko Hara, si ya mtu mzima aliyejibana koo. Utaisikia tofauti hiyo kila anapocheka.

Wenzangu chuoni wanaisifu Nichijou. Nimeangalia sehemu tatu, sijacheka. Tatizo ni mimi? (Eldoret)

Hapana, mdogo wangu. Ila kuna jambo hukuambiwa. Vichekesho vingi vya Kijapani vimerithi mtindo wa manzai, uchekeshaji wa jukwaani wa watu wawili. Mmoja ni boke, anayesema au kufanya jambo la ajabu bila kujua kwamba ni la ajabu. Wa pili ni tsukkomi, anayemkemea hapohapo. Sisi tumezoea kumcheka mwenye vituko. Kwao, mara nyingi kicheko kinatoka pale kemeo linapotua, na likichelewa hata kidogo mzaha unapotea.

Nichijou ilitengenezwa na studio ya Kyoto Animation mwaka 2011 kutokana na manga, yaani katuni ya vitabuni, ya Keiichi Arawi, na mchezo wake ni kumchelewesha huyo anayekemea, au kumwondoa kabisa. Mwalimu mkuu anapigana mieleka na kulungu uwanjani. Msichana anaona yote kupitia dirishani, na hana wa kumwambia. Soseji iliyokatwa mfano wa pweza inamponyoka mwanafunzi Yuuko kwenye chakula cha mchana, na safari ya ile soseji kuelekea sakafuni inachorwa kama vita ya mwisho ya dunia, mkono ukinyooka, macho yakitoka, muziki ukipanda. Ni soseji moja tu. Hakuna anayesema "ni soseji tu", na pengo hilo ndilo mzaha wenyewe.

Usiiangalie sehemu nzima kwa mkupuo. Angalia visa viwili vitatu, pumzika. Ukitaka mlango rahisi, fuata visa vya Nano, roboti mwenye ufunguo mgongoni ambaye anatamani sana uondolewe, pamoja na Hakase, mtoto wa miaka 8 aliyemtengeneza, na paka wao Sakamoto anayeongea akivalishwa skafu. Usipocheka hapo, iache bila kinyongo.

Studio hiyo ilichomwa moto tarehe 18 Julai 2019 na watu 36 wakafariki. Tangu siku hiyo siwezi kuitazama soseji ile bila kukumbuka kwamba kila mstari wake ulipita mkononi mwa mtu.

Niangalie kwa sauti ya Kijapani na maandishi chini, au iliyowekewa sauti za Kiingereza? Mke wangu husoma polepole. (Morogoro)

Kama lengo ni kucheka pamoja, wekeni sauti mnayoielewa nyote wawili. Mtu anayekimbizana na maandishi hacheki, anasoma.

Ila kuna vitu vitapotea, na ni vizuri kuvijua. Katika Spy x Family, ambayo anime yake ilianza 2022, mtoto Anya anamwita baba yake wa kulea "chichi" na mama yake "haha". Hayo ni maneno ambayo Mjapani huyatumia akimtaja mzazi wake mbele ya watu wa nje, si ya kumwitia mzazi usoni. Ni kama mtoto wako aingie sebuleni akuite "mzazi wangu wa kiume". Ukijua hilo, kila Anya anapofungua mdomo unakumbuka kwamba familia yao ni ya kuigiza na kwamba mtoto huyu alijifunza familia kwa mbali. Fanya kama walivyofanya wale wa mabanda ya video waliotutafsiria filamu kwa Kiswahili: simamisha, mweleze mwenzio, endelea. Tulizielewa filamu zile vizuri tu.

Tuko wanne. Mchezo wa mezani wa Catan tumeucheza hadi karata zimechakaa. Tunataka kitu kizito zaidi. (South B, Nairobi)

Agricola, bila kusita. Ni ya Mjerumani Uwe Rosenberg, ilitoka 2007. Unaanza na watu wawili, nyumba ya mbao ya vyumba viwili na shamba tupu. Kuna raundi 14. Kila raundi, kila mwanafamilia anafanya kazi moja: kulima, kuchukua mbao, kuchukua kondoo, kuongeza chumba. Kazi iliyoshikwa na mwenzako huipati tena raundi hiyo.

Mavuno ni mara 6, na mpangilio wake ndio unaokamua: baada ya raundi ya 4, 7, 9, 11, 13 na 14. Mnaona yanavyozidi kukaribiana. Kila mtu mzima anakula chakula 2 kila mavuno. Kwa kila chakula kinachokosekana unachukua karata ya kuombaomba, na kila karata ya namna hiyo inakukata pointi 3 mwishoni.

Jumapili iliyopita, mezani kwetu Tanga, rundo la mbao lilikuwa halijaguswa raundi tatu, limefika 9. Dada yangu alilihitaji ajenge chumba, kwa sababu bila chumba hupati mtoto, na bila mtoto huna mikono ya kazi. Lakini mavuno yalikuwa raundi hiyohiyo, familia yake ilitaka chakula 4, na ghalani alikuwa na 1. Kwenye nafasi ya kuvua palikuwa na 3. Alikaa kimya kama dakika nzima, mkono hewani, kisha akaweka kete yake kwenye samaki. Familia yake ikala. Mbao nikazichukua mimi. Hakuna aliyemshambulia, hakuna dadu iliyomwangusha. Ni njaa na muda tu, na hilo ndilo linalonifanya niupende mchezo huu kuliko yote niliyo nayo.

Mara ya kwanza chezeni bila zile karata za mkononi. Zina utamu wake, lakini zinamziba mgeni macho asiuone ubao.

Najua watu watawaambia mnunue Terraforming Mars ya Jacob Fryxelius. Ni mchezo mzuri, wa 2016, una karata za miradi zaidi ya mia mbili. Ila ninyi mmetoka Catan, mmezoea kubembelezana na kubadilishana kondoo kwa matofali. Kwenye Mars kila mtu anainamia karata zake, na mkiwa wanne mtakaa saa tatu mkiwa wapweke pamoja. Uwe mchezo wenu wa tatu, si wa pili.

Mimi na kaka yangu tunapenda siasa na historia. Kuna mchezo wa watu wawili wenye uzito wa kweli? (Kisumu)

Upo: Twilight Struggle, wa Ananda Gupta na Jason Matthews, uliotoka 2005. Mmoja wenu ni Marekani, mwingine Muungano wa Kisovieti, na ramani ya dunia imelala katikati yenu kuanzia 1945 hadi 1989. Tengeni saa tatu.

Kila karata ina namba, ambayo ni nguvu ya kufanyia kazi, na ina tukio la historia. Ukitumia namba ya karata yenye tukio la mpinzani wako, tukio lake linatokea vilevile. Kwa hiyo muda wote umeshika mabomu ya mwenzio mkononi, na ufundi ni kuchagua saa ambayo likilipuka litakuumiza kidogo.

Pembeni kuna kipimo cha hatari ya vita vya nyuklia. Kinaanzia 5, na kikifika 1 katika zamu yako umeshindwa, mchezo umeishia hapo. Kadiri kinavyoshuka, maeneo ya dunia yanafungwa, huruhusiwi tena kupindua serikali humo: kwanza Ulaya, kisha Asia, kisha Mashariki ya Kati. Kikiwa 2, zimebaki Afrika pamoja na Amerika ya Kati na ya Kusini. Hata huko, kupindua nchi zinazogombewa zaidi, kama Zaire au Angola, kunakishusha kipimo tena, kwa hiyo huthubutu. Unatafuta nchi ya kando. Kenya ni mojawapo, imo kwenye ubao kwa jina lake. Tanzania na Uganda hazimo.

Mara ya kwanza nilipotupa dadu ya mapinduzi juu ya Kenya, kwa sababu tu palikuwa mahali salama pa kupigania, nilinyamaza. Nilishasoma Vita Baridi shuleni. Lakini ni pale tu, nikiwa na dadu mkononi na kipimo kikisoma 2, nilipoelewa kwa nini wakubwa walikuja kupigania kwetu.

Nikianza kueleza kanuni, shemeji zangu wanashika simu. Nifanyeje? (Unguja)

Shemeji zako hao bila shaka wanalijua bao, au wamekaa barazani wakiliangalia likichezwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Lina awamu mbili, namua na mtaji, lina nyumba yenye sheria zake, lina mashimo ya pembeni, kichwa na kimbi, yanayoamua kete zielekee wapi. Ukizikalisha kanuni hizo kwenye karatasi zinatisha. Lakini nani alisomewa kijitabu cha bao? Unachuchumaa nyuma ya mchezaji, unaona anavyokula, unaona zile kete 22 za mkononi zikipungua moja moja, na siku moja unaachiwa nafasi ukae.

Basi fanya hivyohivyo. Panga mchezo kabla hawajafika. Waambie mambo mawili tu, mchezo unaishaje na anayeshinda ni nani, kisha cheza zamu yako ya kwanza kwa sauti, ukisema unachofanya na kwa nini. Raundi ya kwanza karata ziwe wazi, isihesabiwe. Kanuni ngumu ieleze inapotokea, si kabla. Na usimrudishe nyuma mtu aliyekosea kidogo, maana hakuna kinachomwondoa mgeni mezani upesi kama hicho.

Watoto wangu wana miaka 8 na 11. K-On! na KonoSuba, zipi ziko salama? (Mombasa)

K-On! ndiyo, mama: wasichana wa sekondari, bendi yao, chai na keki nyingi kuliko mazoezi. Waongezee Yuru Camp ya 2018, ya kupiga kambi maeneo yenye kuuona mlima Fuji. Watalala wakiota mahema. KonoSuba iweke kwako. Inachekesha kweli, lakini mizaha yake mingi ni ya mambo ya kikubwa, si ya umri huo.

Gloomhaven inastahili bei yake? Na je, kuna anime ya kuchekesha inayohusu michezo ya mezani? (Arusha)

Sanduku la mchezo wa mezani wa Gloomhaven lina uzito wa karibu kilo 10, na ukiagiza kutoka nje utailipia kila kilo. Chukua ndugu yake mdogo wa 2020, Jaws of the Lion: ana visa 25, na vitano vya kwanza vinakufundisha kanuni kidogo kidogo huku unacheza. Ukivimaliza vyote na bado una kiu, utakuwa unajua unachokinunua.

Anime ipo, kaka: Houkago Saikoro Club, ya 2019, sehemu 12. Wasichana wa Kyoto wanagundua duka la michezo, na michezo wanayoicheza ni ya kweli, unaweza kuinunua. Katika sehemu ya kwanza wanacheza Marrakech, mchezo wa kuuza mazulia: unamsogeza mfanyabiashara kwa dadu, unatandika zulia lako, na mwenzio akimsimamisha juu ya zulia hilo anakulipa. Mazulia ni vipande vya kitambaa hasa. Nilipoufungua nyumbani, bibi yangu alivichukua akavipapasa kwa vidole, kimoja kimoja, akauliza vimefumwa wapi, ndipo akasogeza kiti.