Gari linakunywa maji na chini pakavu: anza na kifuniko cha rejeta kabla ya kushusha hedi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998, injini 5A. Naliendesha kwenda kazini kutoka Nzuguni, hapa Dodoma, na mara mojamoja nalipeleka nyumbani Manyoni. Kwa miezi kadhaa sasa linapungukiwa maji, kama lita moja kwa wiki, lakini asubuhi sioni hata tone chini. Chupa ya akiba haipungui, ila nikifungua rejeta nakuta maji yameshuka. Safari iliyopita, nikipanda mlima wa Saranda, mshale wa joto ulikaribia alama nyekundu nikalazimika kusimama. Oili ni safi na moshi sioni. Fundi wa kwanza alitoa themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yapite kwenye rejeta, akasema kwenye joto la huku haina kazi. Wa pili anasema gasketi imeungua, hedi ishushwe. Jirani ananishauri niweke manjano kwenye rejeta yazibe uvujaji. Najazia maji ya bomba. Nifuate ushauri wa nani? Mwalimu, Nzuguni.

JIBU: Mwalimu, hedi, ile sehemu ya juu ya injini, isishushwe kwanza. Fundi wa pili anaweza kuwa sahihi, lakini hakuna kipimo alichofanya, na kushusha hedi ni kazi ya gharama ambayo ikifanywa vibaya huzaa uvujaji ambao haukuwepo. Manjano yabaki jikoni.

Jambo lililonishika katika maelezo yako ni hili: rejeta inapungua, chupa haipungui. Gari lisilo na hitilafu hufanya kinyume. Kifuniko cha rejeta kina vali mbili. Maji yakipata moto hutanuka, presha inapanda, na ikifika kiwango cha kifuniko (juu yake utasoma 0.9, au namba iliyo karibu na hiyo) vali kubwa hufunguka na maji ya ziada hupita kwenye mpira mwembamba kwenda kwenye chupa. Injini ikipoa maji hunywea, ndani kunakuwa na mvuto, na vali ndogo ya katikati hufunguka ili maji yarudi kutoka kwenye chupa. Kwako safari ya kwenda ipo, ya kurudi haipo. Chupa ikishajaa, kila kinachoongezeka humwagika gari likiwa barabarani, kwenye lami ya moto, na kinakauka kabla hujaegesha. Ndiyo maana asubuhi unakuta pakavu.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza kwa hiyo ni kifuniko, na huku kwetu kifuniko kibovu kina madhara zaidi kuliko Dar es Salaam. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100. Injini yako hufanya kazi karibu na nyuzi 90 hata kwenye tambarare, na kwenye mlima huku kiyoyozi kinafanya kazi inazidi hapo. Kinachoyazuia maji yasichemke ni presha inayoshikiliwa na kifuniko: kikiwa kizima, yatavumilia hadi nyuzi 115 hivi. Kikilegea, ile nafasi yote ya usalama imepotea, na mlima kama Saranda unatosha kuionyesha.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko ukitazame. Usikifungue kamwe gari likiwa na moto. Maji yaliyo chini ya presha hugeuka mvuke ghafla na kuunguza uso na mikono. Tazama kama mpira wake umekakamaa, umepasuka au umeacha alama ya kubonyea. Vuta vali ndogo ya katikati kwa kucha: inapaswa kufunguka kirahisi na kurudi yenyewe. Ukutani mwa shingo ya rejeta, pale mpira unapokalia, kusiwe na magamba ya chumvi. Kisha fuata ule mpira mwembamba hadi kwenye chupa. Ukiwa na ufa hata mdogo, au mrija wa ndani ya chupa ukiwa umekatika, rejeta itavuta hewa badala ya maji. Nunua kifuniko kipya chenye namba ileile. Usikubali cha namba kubwa zaidi kwa matumaini kwamba kitashika vizuri; rejeta ya umri huo ina matanki ya plastiki, na presha ya ziada huipasua.

Ukishabadili, bandika kipande cha utepe kwenye chupa kuonyesha usawa wa maji, halafu tazama kila asubuhi kwa wiki moja kabla ya kuwasha. Maji yakitulia, umemaliza kwa gharama ya kifuniko. Yakiendelea kupungua, basi kuna mahali pengine, maana uvujaji mdogo popote huingiza hewa wakati wa kupoa na kuleta dalili hiyohiyo ya chupa isiyopungua.

Hapo tafuta gereji yenye pampu ya kupima presha ya rejeta. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa kifuniko. Injini ikiwa baridi, ijazwe presha isiyozidi namba ya kifuniko, iachwe robo saa. Geji ikishuka, maji yanatoka mahali, na kwa kuwa hakuna joto la kuyakausha utayaona. Nasisitiza baridi kwa sababu mafundi wengi hukagua gari likiwa limetoka kuendeshwa, wakati mipira imetanuka na kubana na kila tone linakauka juu ya bloku.

Maji yetu yenye chumvi yana msaada mmoja: yanapokauka huacha ukoko mweupe. Ufuate huo. Kwenye gari lako ningeangalia kwanza mshono kati ya tanki la juu la plastiki na wavu wa rejeta. Plastiki ikishakuwa ya kahawia na kukatika ukiikwaruza, imechoka, na gundi haitaikoa. Kisha wota pampu. Chini ya puli yake kuna tundu dogo lililowekwa makusudi, sili ya ndani ikifa maji hutokea hapo. Shika puli uitikise. Ikicheza, pampu ibadilishwe. Usimruhusu mtu alizibe tundu hilo, kwa sababu maji yatahamia kwenye bearingi. Pitia ncha zote za mipira chini ya klipu, na lile bomba la chuma linalopita ubavuni mwa bloku, ambalo huliwa na kutu kutoka ndani. Mwisho ni hita, ambayo hapa Dodoma hakuna anayeikumbuka. Ingiza mkono chini ya zulia la abiria wa mbele. Likiwa na unyevu, au vioo vikipata ukungu wenye harufu tamutamu, kirejeta cha hita kinavuja ndani ya gari, na hutaona tone nje hata ukilala chini yake.

Gasketi ya hedi, yaani sili iliyo kati ya hedi na bloku, ina dalili zake, na hizo ndizo fundi wa pili alipaswa kukuonyesha. Mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha asubuhi, kabla maji hayajapata moto. Mapovu hutoka mfululizo kwenye shingo ya rejeta na hayaishi hata ukikanyaga mafuta. Plagi moja huwa safi kupita wenzake kwa kuoshwa na mvuke. Oili safi, kama ulivyoeleza, ni habari njema lakini si ushahidi kamili, kwa kuwa gasketi inaweza kupitisha gesi kwenye maji bila kugusa njia ya oili. Kipimo cha kuaminika ni kile cha kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya shingo ya rejeta: kikigeuka njano, gesi ya ekzosi imo ndani ya maji. Likitokea hilo, hedi ishushwe bila ubishi, na ipelekwe kwa fundi mashine ipimwe kama imepinda kabla ya kuwekwa gasketi mpya. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena.

Themostati irudishwe. Hili naliona kila wiki na linaniuma, kwa sababu watu wanaamini wanaisaidia injini. Kwenye injini yako themostati ina kisahani cha pili ambacho, inapofunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na kwenye mlima sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Kwenye tambarare injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta zaidi. Nunua inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na sili yake mpya.

Manjano, yai au unga wa kuziba hauchagui tundu. Vijia vya rejeta na vya hita ni vyembamba, na huziba mapema kuliko ufa wenyewe.

Maji ya bomba nayo huenda yamechangia kukufikisha hapa. Sehemu kubwa ya maji ya mji wetu hutoka visima vya Makutupora. Ni maji magumu, yanaacha magamba kwenye birika, na ndani ya rejeta hufanya hivyohivyo, mbali na kuchochea kutu. Safisha mfumo mpaka maji yatoke meupe, kisha weka kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini. Soma chupa: kama ni ya kuchanganya, tumia nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kujazia betri, ila hakikisha muuzaji hakupi asidi. Masika, maji ya mvua yaliyokingwa safi baada ya bati kuoshwa na mvua za kwanza yanafaa pia. Usichanganye kulanti za aina tofauti kwa kuangalia rangi.

Mfumo wote unabeba kati ya lita 5 na 6. Jaza polepole, pua ya gari ikiwa juu kidogo, hita imewekwa kwenye joto, ukibonyabonya mpira wa juu hadi mapovu yaishe na feni iwake na kuzima. Likipoa, jazia tena. Kulanti ya zamani usiimwage uani. Ladha yake ni tamu na ina sumu, mbuzi na mbwa huilamba, na mtoto mdogo anaweza kuinywa. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko na umwachie fundi wa gereji inayokusanya oili chafu.