"Kipitishi kikuu": mkuu wa nani?

Swali: Katika tasnifu yangu nimeandika, "Kipitishi kikuu hunyonya mawimbi ya maikrowevu." Msimamizi amekata "hunyonya", akaweka "husharabu". Nani yuko sahihi?

Jibu: Msimamizi hakukosea, ingawa mimi ningeandika "hufyonza". Sharabu tumeipata kwa Waarabu, asili yake ni kunywa, na wengi huihusisha na majimaji. Kunyonya mwachie mtoto na kupe. Hapo sina ugomvi.

Kinachoniudhi, ndugu yangu, ni kalamu hiyo kuliruka neno la kwanza. "Kipitishi kikuu"! Unamaanisha kitu ambacho, kikipozwa sana, hupitisha umeme uendao upande mmoja bila ukinzani, yaani bila kuuzuia; Waingereza hukiita "superconductor". Kimekuwa kikuu kwa nani? Sifa ya -kuu ni ya cheo na nafasi. Barabara huwa kuu kwa sababu njia ndogo huingia humo. Mlango mkuu una milango ya uani. Mwalimu mkuu ana walimu chini yake. Sasa niambie, shaba iko chini ya zebaki? Katika joto la kawaida zebaki ina ukinzani unaoushinda wa shaba zaidi ya mara 50. Mwanafizikia Kamerlingh Onnes alipoipoza huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1911 hadi karibu kelvini 4.2 (kama nyuzi 269 chini ya sifuri za Selsiasi), ukinzani ulitoweka ghafla. Zebaki ilibadilika hali. Cheo hakuna aliyeipa.

Wengine hukimbilia "kipitishi kisicho na ukinzani". Nalo huangushwa na mawimbi hayohayo unayoyapima. Umeme ukienda upande mmoja bila kubadilika, elektroni zilizoungana jozi hubeba mzigo wote. Ukigeuka mara bilioni kwa sekunde, jozi hizo zina uzito wake, hazigeuki papo hapo; uga wa umeme hubaki karibu na uso, ukazisukuma elektroni ambazo hazijaungana, nazo hugongana na kutoa joto. Kiasi kinachofyonzwa ndicho kinachokudokeza ni ngapi zimebaki peke yake. Mwanafizikia Heinz London alilipima hilo kwenye madini ya bati mwaka 1940, kwa masafa ya megahezi 1500, yaani umeme ukigeuka mara bilioni moja na nusu kwa sekunde: chini ya kelvini 3.7, ambapo bati hubadilika hali kama zebaki, ukinzani haukukatika mara moja, ulififia kidogo kidogo. Usingekuwapo hata chembe, wewe ungepima nini?

Andika "supakondakta". Ni la kukopa, na sikio langu bado halijalizoea, lakini halisemi uongo. Sentensi yako na isomeke hivi: "Supakondakta hufyonza mawimbi ya maikrowevu." Kisha mrudishie msimamizi.