Chai ya tangawizi: mtajie daktari nayo

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama chai ya tangawizi ina madhara. Nauza chai hiyo alfajiri karibu na mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, muda ambao dagaa wanashushwa, na swali hili huniumiza kichwa. Kwa mtu mzima mwenye afya, kikombe kimoja au viwili kwa siku havina shida. Hofu yangu ni kwamba hatuihesabu tangawizi kuwa dawa, kwa hiyo mgonjwa akiulizwa hospitali anatumia dawa gani, haitaji.

Chukua mtu anayemeza warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande. Hupewa, kwa mfano, waliowekewa valvu bandia za moyo. Dozi yake hupangwa kwa kupima damu mara kwa mara: ikizidi mtu anavuja damu, ikipungua damu inaganda. Tangawizi nyingi inaweza kuiongezea nguvu dawa hiyo. Sasa mtu huyo akishikwa na mafua anakunywa vikombe vinne vizito, tena vyenye kitunguu saumu ambacho nacho kinaweza kuchangia, kama tulivyozoea tangu korona ya 2020. Wiki inayofuata hanywi kabisa. Daktari atapangaje dozi? Akiona fizi zinatoa damu, ngozi inavilia damu bila kuumia au choo ni cheusi kama lami, awahi hospitali siku hiyo hiyo. Wala asiache vidonge ili aendelee na chai!

Wenye kisukari nao waangalie, maana inaweza kushusha sukari juu ya ile iliyoshushwa na dawa. Mwenye vijiwe vya nyongo au anayesubiri upasuaji amuulize daktari kwanza.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kiungulia. Wavuvi wanatoka ziwani wamekesha, tumbo tupu, wanataka ya kuunguza koo. Mimi huwasihi waanze na chapati. Wengine huharisha wakizidisha.

Kina mama wajawazito huniuliza sana. Tangawizi kidogo husaidia kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Tafiti nyingi zimetumia takribani gramu 1 ya unga kwa siku. Aliyekaribia kujifungua, au aliyewahi kutokwa damu, asijiamulie mwenyewe.

Na unga usipimwe kama mbichi. Sehemu kubwa ya tangawizi mbichi ni maji, lakini kijiko kimoja cha chai cha unga kina karibu gramu 2, na kiwango kinachotajwa sana kwa mtu mzima ni kutozidi gramu 4 kwa siku nzima. Vijiko viwili tu umefika.

Ombi langu ni kwa wahudumu wa afya: msiishie kuuliza "unatumia dawa gani?" Itajeni tangawizi kwa jina, muulize ni ya unga au mbichi, na ni vikombe vingapi kwa siku. Wateja wangu watawajibu.