Silinda Inavuja: Majibu kwa Wenye Magari ya Zamani ya MGB na Datsun 240Z

Nina MGB ya 1971. Pedali ya klachi inazama hadi sakafuni, gia zinakwaruza, na chini ya gari kuna matone. Fundi anataka kushusha injini abadilishe klachi. Ni lazima? (Entebbe)

Usikubali injini ishushwe, mzee, kabla hujajua hayo matone ni ya nini. Chukua tone moja kwa kidole, lichovye kwenye kikombe cha maji safi. Mafuta ya injini yataelea juu yakitanda rangi rangi. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayoendesha klachi pia, yatapotelea ndani ya maji usiyaone tena.

Yakipotea, tafuta silinda. Silinda ya chini ya klachi ya MGB iko nje, ubavuni mwa giaboksi, imeshikwa na bolti 2, na inatoka bila kugusa injini. Vuta raba yake ya vumbi: ikimwaga majimaji, sili (raba ya ndani inayozuia mafuta) imekwisha. Halafu ingia ndani ya gari, inua zulia, papasa pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye masta silinda, ile ya juu inayosukumwa na pedali. Kidole kikirudi kimelowa, na rangi ya bati la hapo imebabuka, masta nayo imekwenda. Hizi mbili zimezeeka pamoja. Ukifungua moja, fungua na ya pili.

Kama hakuna panapovuja, tazama pini inayounganisha fimbo na pedali. Tundu lake likishalika na kuwa na umbo la yai, milimita kadhaa za mwendo hupotea hapo hapo, na silinda mpya haitazirudisha.

Nilinunua seti ya raba soko la Kisekka nikafunga kwenye silinda za breki za nyuma. Wiki 3 tu, zinavuja tena. Raba ni feki? (Kampala)

Huenda, lakini mara nyingi kosa liko kwenye chuma. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu ya kando ya Ziwa Victoria ina unyevu mwaka mzima. Maji hayo hula chuma pale pistoni inapokaa gari likiwa limesimama. Vinabaki vishimo vidogo, na mdomo wa raba mpya ukipita juu yake unakwanguliwa kila unapokanyaga.

Fungua tena. Toa pistoni, raba na springi. Osha kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na mafuta ya taa vikae mbali, maana huvimbisha raba. Kausha, mulika kwa tochi, kisha pitisha ukucha ndani. Madoa meusi ambayo ukucha hauyahisi si tatizo. Kishimo kinachokwamisha ukucha ni tatizo.

Kwa silinda ya chuma cha kalibu unaweza kujaribu mawe ya kusugulia yanayofungwa kwenye drili: yaloweshe mafuta ya breki, drili iende polepole, ingiza na kutoa kwa sekunde 10 hadi 15, osha, kagua. Ukucha ukikwama bado, acha hapo. Ukiendelea kusugua unapanua tundu, na raba ya kipimo cha kiwandani haitaziba. Silinda ya aluminiamu usiisugue kabisa: ngozi ngumu inayolinda ndani ikishatoka, silinda hulika haraka.

Silinda ya gurudumu ikiwa na vishimo, nunua mpya, na ubadilishe kulia na kushoto pamoja. Kuvisha slivu (bomba jembamba la kuziba ndani ya tundu) ya shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu kunafaa zaidi kwa masta ambayo haipatikani tena. Katwe kuna mafundi wa kerezo wenye mikono mizuri, ila mwambie wazi fundi wako kwamba masta ina tundu dogo la kurudishia mafuta, jembamba kama sindano. Likizibwa na slivu, breki zitashika zenyewe. Likitobolewa upya na kuachwa na kingo kali, litakata raba siku ya kwanza.

Wakati wa kufunga, paka raba mafuta ya breki, zisukume kwa vidole, si kwa bisibisi, na mdomo wake uelekee upande wa mafuta. Ikiwa viatu vya breki vimelowa, vitupe. Hata ukivikausha, upande huo utashika ghafla kuliko mwingine.

Datsun 240Z yangu inapungukiwa mafuta ya breki kila wiki lakini hakuna tone chini. (Mbarara)

Hongera kwa gari hilo. Ni aina ileile aliyoitumia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kushinda Safari Rally mwaka 1973.

Fungua kwanza dramu za nyuma uone kama zimelowa. Zikiwa kavu, mafuta yanaingia kwenye busta, lile kopo nyuma ya masta linaloupunguzia mguu kazi kwa mvuto wa injini. Sili ya nyuma ya masta ikichoka hayadondoki, yanafyonzwa na injini, na eksozi hutoa moshi mweupe. Fungua nati 2 zinazoshika masta, uivute mbele kidogo bila kufungua mabomba, utazame nyuma yake. Palipolowa ndipo jibu lilipo. Fyonza mafuta yote yaliyo ndani ya busta kabla ya kufunga masta mpya.

Je, naweza kufunga masta ya gari jingine kwenye 240Z? (Jinja)

Unaweza, ukipiga hesabu. Masta ya breki ya 240Z ina kipenyo cha inchi 7/8. Wengi huweka ya inchi 15/16 kutoka Datsun 280ZX. Eneo la pistoni linaongezeka kwa karibu 15%, kwa hiyo pedali inakuwa fupi na ngumu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ukipanda hadi inchi 1 unaongeza karibu 31%, na kwenye mteremko wa Kabale mguu utausikia.

Kwenye klachi mambo hugeuka. MGB ina masta ya inchi 0.75 na silinda ya chini ya inchi 1.25: masta ikisukuma milimita 25, chini hutoka 9. Ukifunga silinda ya chini nyembamba zaidi, mwendo unazidi na pedali inakuwa nzito.

Angalia na nyuzi za nati za mabomba ya breki. Za Kijapani ni M10, za Kiingereza ni inchi 3/8. Ya Kiingereza huingia kwenye tundu la Kijapani ikicheza, inaonekana imekaza, halafu inachomoka ukikanyaga kwa nguvu.

Mafuta yakiisha safarini, naweza kuongeza ya injini nifike? (Masaka)

Hapana, ndugu yangu. Hata kidogo tu kitavimbisha kila raba, na utabadilisha silinda zote na hosi zote. Beba chupa ya nusu lita ya mafuta ya breki ya DOT 4 kwenye buti. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na nyingine, DOT 5.1 si silikoni, inachanganyika na DOT 4.

Nimefunga silinda mpya za klachi ya MGB, nimetoa hewa mara 6, pedali bado laini. (Kampala)

Hewa hupenda kupanda, nawe unaisukuma ishuke. Geuza njia. Punguza mafuta kwenye kopo la masta, jaza mafuta mapya kwenye chombo cha kupulizia mafuta chenye mpira mwembamba, uvike kwenye nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ya silinda ya chini, legeza nipeli nusu mzunguko, sukuma polepole hadi mapovu yaache kutokea juu. Mtu mmoja akae juu akitazama kopo lisifurike. Mafuta yakimwagikia rangi, mwagia maji mengi papo hapo kabla ya kufuta.