Nikaha ikifungwa mapema, hadithi imekwisha

Dadangu, umeuliza kwa nini wachumba wa hadithi za kina binti mfalme hukawia kuoana ilhali wameshapendana. Mimi naona sababu kubwa ni ya msimulizi: nikaha ikishafungwa, hana la kusimulia tena. Laana, mama wa kambo na mitihani yote lazima itangulie.

Chukua ile ya mrembo na dubwana, aliyoichapisha Mfaransa Jeanne-Marie Leprince de Beaumont mwaka 1756. Kila usiku, wakati wa chakula, dubwana humuuliza binti kama atakubali kuwa mkewe. Kila usiku binti anakataa. Liondoe swali hilo uone kama kuna hadithi itakayobaki! Katika kuulizwa huko ndiko anakopata kumjua aliyeketi mbele yake. Na hata ndani ya jumba la dubwana, lisilo lake, ndoa inangoja ridhaa yake. Hilo hunigusa sana.

Wakati mwingine muda huo hupima uaminifu. Katika ngano za ndugu Grimm wa Ujerumani, kijana Roland anakwenda kwao kuandaa harusi, akifika anamsahau mchumba.

Hata hapa Mombasa posa hukubaliwa leo, nikaha ikangoja mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Katikati familia zinachunguzana, mahari yanazungumzwa, na mama wa binti yuko Biashara Street akikunjua leso moja baada ya nyingine, akisoma jina la kila moja, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa.

Lakini si wote wanaongojeshwa. Cinderella wa mwandishi Mfaransa Charles Perrault, wa mwaka 1697, aliolewa siku chache tu baada ya kiatu kumkaa.