Kabla hamjaanza kuandika historia ya parokia yenu

Kikundi chetu cha historia ya Kanisa hapa Ndanda nusura kife mwaka wa kwanza, na kilichotaka kukiua ni korosho. Tulipanga kukutana kila Jumamosi, tukasahau kwamba ikifika Oktoba watu wako shambani au wanasubiri mnada. Tukabaki watatu, na mmoja wetu nadhani alifuata chai. Nyie anzeni Februari.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Niliandika kurasa chache kuhusu misheni ya Nyangao, iliyochomwa Agosti 1905 wakati wa Vita vya Majimaji, kwa kufuata maelezo ya wamisionari Wabenedikto peke yao. Sista Walburga aliyepoteza maisha nilimtaja kwa jina. Waliochoma nikawaita "waasi", basi. Nikaenda kuwasomea wazee. Bibi mmoja Mmwera akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, hao waasi wana majina. Mmoja ni babu yangu mimi. Na mimi hapa nimebatizwa."

Sikuwa na la kujibu. Tangu siku ile, hata tukiandika kifo cha Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa na wenzake wanne tarehe 14 Agosti mwaka huohuo, tunaandika pia kodi ya Wajerumani na pamba ya kulimishwa kwa nguvu. Wapo waliosema tunatetea mauaji. Hatutetei, ila mtu hachomi misheni kwa sababu ameamka vibaya.

Upande wa nyaraka, jueni kwanza parokia ilikuwa chini ya nani mwaka mnaoutafuta. Jimbo la Mtwara lilianza 1972. Kabla yake, tangu 1931, eneo hili lilikuwa la Abasia ya Ndanda, yaani monasteri iliyosimamia eneo kama jimbo, na nyuma zaidi mtaikuta Lindi, kisha Dar es Salaam. Vitabu vya ubatizo ombeni kwa paroko kwa barua. Vya zamani ni vya Kilatini, lakini maneno yanajirudia, mtazoea: "patrinus" ni msimamizi. Mkikuta mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, fungeni midomo. Wajukuu zake mnakaa nao jumuiya moja.

Na msiishie kwa mapadre. Ulizeni makatekista, waliotembea vijijini kwa miguu.

Yule bibi bado tunamrekodi. Majina ya wale "waasi" yamefika saba.